Makonyo Hayatupwi

Msimu wa karafuu ukipamba moto Pemba, kazi haiishi mchumaji anaposhuka mtini. Mzigo huletwa nyumbani, ukamwagwa juu ya jamvi, na baada ya magharibi wakubwa kwa watoto hukaa kitako kuchambua. Kichala hushikwa kwa mkono mmoja kikasuguliwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zikadondoka huku na vijiti vyake vikatupwa kule. Maongezi hayakatiki, na vidole vya kila mtu vinanuka karafuu hata vikishaoshwa. Asubuhi karafuu zitaanikwa juani, siku tatu mpaka wiki, zigeuke kutoka rangi ya waridi na kijani kuwa kahawia iliyokoza. Katika kila kilo tatu mbichi itapatikana kama kilo moja kavu. Vile vijiti vilivyobaki upande wa pili wa jamvi vina jina lao: makonyo.

Makonyo hayatiwi kwenye pilau wala kwenye chai. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya karafuu, na mchumaji halipwi kwa makonyo, hulipwa kwa pishi ya karafuu aliyochuma. Ila ukilivunja konyo kavu na kulinusa, utaona harufu ni ile ile. Katika kilo 100 za karafuu kavu kuna mafuta kama kilo 15 au zaidi, katika kilo 100 za makonyo kilo 5 au 6, na katika majani kilo 2 au 3. Siku hizi mafuta hayo huuzwa katika vichupa vidogo vya rangi ya kahawia, na wanaoviuza huwaambia wanunuzi kwamba matone machache yanatosha kusafisha jiko zima bila dawa za viwandani, kama walivyofanya wazee wetu.

Wazee wetu hawakufanya hivyo. Kwa muda mrefu visiwa vyetu viliuza karafuu na makonyo nchi za nje huku vyungu vikisuguliwa kwa majivu. Namna mafuta ya kitu kilichokaribia kutupwa yalivyofika kwenye karo la vyombo ni habari ndefu, na sehemu kubwa yake ilitokea mbali na Pemba.

Mkarafuu wenyewe ni mgeni. Kwao ni visiwa vichache vya Maluku, katika Indonesia ya leo: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan, vilivyopangana mstari mmoja karibu na ikweta. Huko Uchina, zama za wafalme wa Han, maofisa walitakiwa kuweka karafuu mdomoni kabla ya kuzungumza mbele ya mfalme ili pumzi zao zisimuudhi. Kwa hiyo karafuu ilianza kupambana na harufu mbaya zamani sana, ila ilikuwa harufu ya kinywa. Kutoka Maluku ilipita mikononi mwa Wajava, Wahindi, Waajemi na Waarabu, na kila mkono ukaongeza bei, hata ikifika Ulaya ikawa mali ya matajiri.

Katika karne ya 17 Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602, iliamua kuhodhi biashara yote. Mikarafuu ilikatwa na kung'olewa katika visiwa vyake vya asili, kilimo kikaachwa Ambon na jirani zake tu, na aliyeotesha mche pengine aliadhibiwa vikali. Ukiritimba huo ulivunjwa kwa wizi. Mwaka 1770 mawakala wa Pierre Poivre, Mfaransa aliyekuwa msimamizi wa kisiwa cha Île de France, ambacho leo ni Morisi, walifanikiwa kutorosha miche. Kutoka Morisi mkarafuu ukavuka mpaka Réunion, na kutoka huko, katika miongo ya kwanza ya karne ya 19, ukaletwa Unguja. Anayetajwa kwa kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abry, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa na uhusiano na Wafaransa wa visiwa hivyo.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipofika Unguja mwaka 1828 alikuta mikarafuu imeshaota, akaelewa upesi ina thamani gani. Aliwataka wenye mashamba waipande, naye mwenyewe akawa na mashamba mengi kuliko wote. Alipofariki mwaka 1856, karafuu ilikuwa imeshakuwa tegemeo kuu la visiwa. Waliopalilia na kuchuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa, na kila msimu uliokuwa mzuri uliongeza hitaji la watumwa wengine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 na utumwa ukapigwa marufuku kisheria mwaka 1897. Mwandishi yeyote anayesifu karafuu kuwa kitu cha asili na cha usafi inafaa akumbuke na hilo.

Kabla tu ya soko kufungwa, mwezi wa Aprili mwaka 1872, kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba haikuguswa sana. Waliopanda upya walipanda huko zaidi, na tangu hapo hadi leo ukisema karafuu ya Zanzibar, kwa kweli unasema karafuu ya Pemba.

Na jikoni je? Katika nyumba ya mwambao ya karne ya 19, karafuu ilikuwa na kazi zake. Ilitiwa kwenye pilau na kwenye biriani. Punje chache ziliwekwa kwenye kopo la sukari ili sisimizi wasikaribie, na watu wengi bado wanafanya hivyo. Harufu ya nyumba ilikuwa kazi ya ubani na udi kwenye chetezo, na mtungi wa maji ya kunywa ulifukizwa kabla ya kujazwa, maji yakapata ladha ya moshi mtamu. Lakini kusafisha chombo kulikuwa jambo jingine kabisa, na vifaa vyake vilikuwa vya bure.

Vyungu na sufuria zenye masizi zilisuguliwa kwa mchanga na majivu, kwa kipande cha kumbi la nazi au dodoki. Watu hawakuhitaji kemia kujua kwamba yanafaa, ila kemia ipo. Majivu ya kuni yana chumvi za potashi, na maji yaliyopita kwenye majivu huwa makali ya kuteleza. Yakikutana na mafuta yaliyogandia chunguni, huanza kuyageuza sabuni pale pale. Vyombo vya shaba vilisuguliwa kwa ukwaju, kwa sababu uchachu wake huyeyusha ule weusi unaoota juu ya shaba. Na bao la kukatia samaki lilipigwa ndimu. Shombo ya samaki hutokana na kemikali zenye tabia ya magadi, na tindikali ya ndimu inapozikuta huzigeuza kuwa chumvi zisizoweza kuruka hewani kufika puani. Ndiyo maana ndimu inaondoa shombo kwa kweli wakati manukato yanaifunika tu. Mpishi wa Malindi au wa Mkunazini alilijua hilo kwa mkono wake, na sijaona chupa ya dukani iliyomshinda kwa samaki.

Sabuni ya mche nayo ilikuja na meli. Hapo kuna jambo ambalo huwa linanichekesha kidogo. Kuanzia katikati ya karne ya 19, makampuni ya biashara ya Marseille yalikuwa yakinunua ufuta na mbata katika pwani yetu kwa ajili ya viwanda vya sabuni na mafuta vya mji huo. Nazi ya Unguja ilivuka bahari kama mbata, na huko ikakamuliwa na kupikwa sabuni. Kutoka bandari hiyo hiyo ya Unguja zilipakiwa karafuu, na pamoja nazo magunia ya makonyo. Sabuni na harufu yake viliondoka kisiwani bila kukutana.

Makonyo yalikuwa yakienda wapi? Yalikwenda kukenekwa, yaani kupikwa kwa mvuke ili mafuta yake yatoke. Ufundi wa kukeneka ulikuwa mkongwe. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aliacha kitabu kizima cha manukato na jinsi ya kuyakeneka, na mafundi wa Kiislamu walieneza chombo cha kukenekea mpaka Andalusia. Viwanda vya Ulaya na Marekani vya karne ya 19 viliongeza ukubwa na kuni. Vilitaka kitu kimoja kilichomo ndani ya mafuta ya karafuu, nacho ni eujenoli, ambayo ni zaidi ya robo tatu ya mafuta yote, na katika mafuta ya makonyo mara nyingi hupita asilimia 80. Kwa kazi hiyo hapakuwa na haja ya kununua karafuu nzuri. Makonyo yalitosha.

Wateja wa eujenoli walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni madaktari wa meno: walichanganya mafuta ya karafuu na unga wa oksidi ya zinki wakapata lipu ya kuziba jino, inayoganda na kutuliza maumivu kwa pamoja. Ile harufu ya kliniki ya meno ambayo watu wengi huiogopa tangu utotoni ni harufu ya Pemba. Wateja wa pili walikuwa wakubwa zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 wanakemia wa Ulaya waligundua njia ya kuigeuza eujenoli kuwa vanilini, ladha ya vanila, kwa gharama ndogo kuliko kununua maganda ya vanila. Kwa miongo kadhaa keki na chokoleti za Ulaya zilitiwa ladha iliyoanzia kwenye mafuta ya karafuu. Hali hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1930, viwanda vya Amerika Kaskazini vilipojifunza kutoa vanilini kwenye maji machafu ya viwanda vya karatasi.

Usafi uliingia katika habari hii kwa mlango wa ugonjwa. Kwa karne nyingi Wazungu waliamini kwamba maradhi huenezwa na hewa chafu, na hewa chafu hutambulikana kwa harufu. Kwa hiyo dawa ya tauni ilikuwa harufu nzuri. Matajiri walining'iniza shingoni vijaluba vya viungo, na Ufaransa kulikuwa na siki maarufu iliyoloweshwa karafuu na majani ya kunukia, ambayo hadithi yake husema wezi wanne waliitumia kuiba majumba ya waliokufa kwa tauni bila wao kuambukizwa. Hadithi hiyo ina matoleo mengi mno kuaminiwa. Lakini siki ile, na karafuu ndani yake, ndiyo babu wa chupa nyingi za leo za siki na matone ya mafuta.

Louis Pasteur na wenzake walipoonyesha kwamba wakosaji ni vijidudu, nadharia ya hewa chafu ilianguka, na ingetarajiwa viungo vianguke nayo. Havikuanguka. Mwaka 1887 Charles Chamberland, msaidizi wa Pasteur aliyekuwa ameshatengeneza chombo cha kuulia vijidudu kwa mvuke, alichapisha majaribio aliyofanya kwa mafuta mengi ya kunukia dhidi ya bakteria wa kimeta. Baadhi yake, yakiwemo ya mdalasini, yaliwazuia vizuri. Kumbe waliokuwa wakinusa karafuu wakati wa tauni walikuwa na sababu mbovu, lakini kitu walichokishika mkononi hakikuwa bure.

Eujenoli yenyewe ni ndugu wa kemikali iliyokuwa maarufu kuliko zote wakati huo. Mwaka 1867 Joseph Lister, daktari wa upasuaji, alikuwa ametangaza mafanikio yake ya kusafisha vidonda kwa asidi ya kaboliki, ambayo leo huitwa fenoli na ambayo ilitolewa kwenye lami ya makaa ya mawe. Eujenoli ni ya ukoo huo wa fenoli. Inapomkuta bakteria huingia kwenye utando wake wa nje, ambao kwa sehemu ni wa mafuta, ikaulegeza mpaka vilivyomo ndani vikavuja. Mwaka 1903 Waingereza Rideal na Walker walitoa kipimo cha kulinganisha nguvu ya dawa yoyote na nguvu ya fenoli, na mafuta ya karafuu yalipopimwa kwa njia ya namna hiyo yaliishinda fenoli mara kadhaa.

Basi kwa nini hospitali na majiko ya dunia hayakujaa karafuu? Kwa sababu ya bei. Lami ilikuwa takataka ya viwanda vya gesi, ikimwagwa kwa matani, na makonyo yalipaswa kuchambuliwa kwa mkono mmoja mmoja na kuvushwa bahari mbili. John Jeyes alikata hataza ya dawa yake ya lami mwaka 1877, na dawa za jamaa hiyo, nyeusi na zenye kugeuka nyeupe zikitiwa maji, zikasambaa katika himaya yote ya Waingereza, zikafika kwenye vyoo vya hospitali na shule zetu. Miaka ya 1930 ikaja Dettol. Ukiisoma fomula yake ya asili utakuta dawa yenye klorini, pombe, sabuni ya mafuta ya mbarika, na mafuta ya msonobari, ambayo ndiyo yanayoipa harufu yake. Kwa maneno mengine, dawa ambayo watu wengi huiona kuwa kinyume cha vitu vya asili ilikuwa na mafuta ya mti tangu siku ya kwanza. Na ile hali ya maziwamaziwa inayotokea ukiimimina majini ni mafuta yaliyotawanywa na sabuni kuwa chembe ndogo. Hapo pana somo ambalo wengi wenye vichupa vya kahawia hawajalisoma, nami nitalirudia mbele.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yalibadilisha wenye mashamba. Mikarafuu iligawiwa pamoja na ardhi kwa hesabu ya eka tatu tatu, na kuanzia mwaka 1968 Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar ndilo likawa mnunuzi wa karafuu, kwa bei iliyopangwa na serikali. Bei hiyo ilipokuwa chini sana kuliko ya dunia, majahazi yalivuka usiku kuelekea pwani ya Kenya, na magendo ya karafuu yakawa kosa zito. Mteja mkubwa wa wakati huo alikuwa Indonesia, si kwa chakula bali kwa sigara za kretek, ambazo tumbaku yake huchanganywa na karafuu zilizosagwa. Indonesia iliamua kupanda mikarafuu yake upya, na miaka ya 1980 ilipojitosheleza, bei ya dunia iliporomoka. Nchi ya asili ya mkarafuu ilikuwa imeurudisha nyumbani, na Pemba ikaachwa na miti iliyozeeka.

Katika miaka hiyo ya mashaka ndipo kilipoanza kazi kiwanda cha Shirika hilo la Biashara huko Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, ambacho Wapemba hukiita kiwanda cha makonyo. Safari hii mafuta yangetolewa kisiwani.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Makonyo makavu hujazwa kwenye pipa kubwa la chuma lisiloshika kutu, likafungwa kifuniko. Mvuke kutoka kwenye tanuri huingizwa kwa chini, ukapanda kati ya vijiti na kubeba mafuta kadiri unavyopita. Juu hutoka kwa bomba linalopitishwa kwenye maji baridi, ukageuka maji tena, na pamoja na maji yanatoka mafuta. Katika mafuta mengi ya kunukia, kama ya mchaichai na ya mkaratusi ambayo kiwanda hicho nacho huyatoa, mafuta huelea na fundi huyachota juu. Ya karafuu ni mazito kuliko maji. Huzama, yakatulia chini ya chombo kama asali nyepesi, na fundi huyafungulia kwa chini. Yakitoka huwa ya njano hafifu, na kwa kukaa yakapata ukahawia. Yakigusana na chuma cha kawaida husawijika upesi, kwa sababu fenoli na chuma hufanya rangi nzito, ndiyo maana vyombo vyake huchaguliwa. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, kwani konyo ni gumu na halitoi mafuta yake kwa haraka.

Madagaska wamekwenda njia nyingine. Huko, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wanakijiji wamekuwa wakikeneka majani ya mkarafuu kwa mitungi inayochochewa kwa kuni. Majani yapo mwaka mzima, na fedha huingia hata msimu usipokuwepo, ila mti uliovuliwa majani hauzai vizuri na kuni za kupikia hutoka msituni. Makonyo hayana tatizo la kwanza: yameshachumwa pamoja na karafuu, iwe yatatumika au hayatatumika. Tatizo la kuni linabaki kila mahali panapochemshwa maji, na neno "asili" kwenye kichupa halilitaji.

Madumu ya mafuta ya Wawi kwa sehemu kubwa yalikwenda nje, kwa watengenezaji wa manukato, dawa za meno na viungo. Kilichoyarudisha mafuta ya karafuu jikoni kilikuwa hofu iliyozuka katika nchi tajiri. Mwaka 1962 Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani, alichapisha kitabu kuhusu madhara ya DDT na sumu nyingine za wadudu, na kizazi kilichofuata kikaanza kuzisoma lebo za dawa za nyumbani kwa shaka. Mfaransa René-Maurice Gattefossé alikuwa ameshaandika kitabu chake juu ya tiba ya manukato mwaka 1937, na wafuasi wake walikipamba kwa hadithi za ajabu ambazo mwenyewe hakuzisema. Mwaka 1996 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliyaweka mafuta ya karafuu na eujenoli katika orodha ya viuatilifu vya hatari ndogo kabisa, ambavyo havihitaji kusajiliwa. Baada ya hapo chupa ya kupuliza yenye maji, siki na matone ya mafuta ikawa ya kawaida katika majiko ya Marekani na Ulaya, na kutoka huko mtindo ukarudi kwetu kwa jina la usafi wa asili.

Sasa lile somo la maziwamaziwa. Mafuta hayayeyuki katika maji, wala katika siki, ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Aliyetia matone kumi katika chupa ya siki na kupuliza, mara ya kwanza anapuliza siki tupu, na mwisho wa chupa anapuliza mafuta makali yaliyozama, kwa sababu ya karafuu huzama. Anayetikisa hupata nafuu ya dakika moja. Mafuta yanataka sabuni ya kuyashika, au spiriti ya kuyayeyusha kwanza, kama waliotengeneza Dettol walivyojua. Na kazi ya kuondoa mafuta ya kupikia, ukoko na damu ya nyama ni ya sabuni, maji moto na dodoki. Mafuta ya karafuu huongeza mambo matatu: hupunguza baadhi ya bakteria na ukungu, huwakera sisimizi na mende, na huacha harufu nzuri kwenye kitambaa cha vyombo ambacho kingechacha. Kwa kiasi kidogo kinachotiwa nyumbani, na kwa dakika chache kinazokaa, mtu asikitegemee kuua vijidudu vya kuku mbichi kwenye bao.

Mafuta haya si mapole pia, hata kama yametoka mtini. Yakiwa hayajazimuliwa huunguza ngozi na hulainisha baadhi ya plastiki, ndiyo sababu ya kichupa cha kioo. Mtoto mdogo akinywa kiasi cha kijiko cha chai anaweza kudhurika ini vibaya, na madaktari wameandika visa vya namna hiyo. Paka nao miili yao haina uwezo mzuri wa kuondoa fenoli, jambo la kuzingatiwa katika mji wenye paka wengi kama Mji Mkongwe. Ulaya, eujenoli ni miongoni mwa vitu vya harufu ambavyo sheria inataka vitajwe kwenye lebo ya sabuni vikipita kiwango fulani, kwa sababu huwawasha watu wachache.

Huku kwetu mafuta hayo yalikutana na sabuni kwa njia ya mwani, ulioanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa miaka mingi wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja waliuuza mkavu, kwa kilo, kwa bei ndogo. Baadaye vikundi vyao, Paje na kwingineko, vikajifunza kutengeneza sabuni. Mwani huanikwa ukasagwa unga, mafuta ya nazi yakakorogwa na maji ya kostiki soda, unga ukatiwa, na mwisho, mchanganyiko ukishapoa kiasi ili harufu isiruke na joto, hutiwa mafuta ya karafuu, ya mchaichai au ya mdalasini. Ya karafuu yana tabia yake, na yeyote aliyewahi kupika sabuni kwa mkono anaijua: eujenoli huharakisha sabuni kuganda. Ukishayatia unakoroga upesi na kumimina kwenye kiunzi bila kungoja, kwani ukisimama kidogo kuzungumza, sabuni imeshashika mwiko. Kisha hukatwa vipande na kuachwa wiki kadhaa vikauke.

Hapo ndipo nazi na mafuta ya karafuu, vilivyokuwa vikipakiwa kila kimoja kwa mnunuzi wake, vilipotiwa katika ndoo moja kisiwani. Vipande vingi hufungwa kwa karatasi nzuri na kuuzwa kwa watalii. Nyumba za jirani na wanaovitengeneza huoshea vyombo kwa sabuni ya unga ya dukani, kwa kuwa ndiyo rahisi, na bao la samaki bado linapigwa ndimu.